WAKILI AKINYAMAZA, KESI NI YA NANI?

Vita vilivyozuka Oktoba 2017 katika wilaya ya Mocímboa da Praia, kaskazini ya jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, viliwatawanya wananchi na kuteketeza nyumba na majengo ya umma. Mji huo ulitekwa Agosti 2020. Majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliukomboa Agosti 2021, na tarafa ya Mbau ikakombolewa mwezi huo huo. Lakini yako mambo yasiyokombolewa kwa bunduki. Mojawapo ni ndoa iliyokwisha kufa, ambayo bado haijazikwa kisheria.

Tumchukulie mama wa Mbau aliyekimbilia Pemba, akafungua shauri la talaka kwa mkono wa wakili. Amelipa fedha na ametia dole gumba. Sasa amerudi kijijini, na wakili hajibu simu wala barua. Maadamu hukumu haijatoka, mama huyo bado ni mke wa mtu: hawezi kufunga ndoa nyingine ya kiserikali, mali ya ndoa haijagawanywa, na malezi ya watoto hayajaamuliwa. Kimya cha mtu mmoja kimefunga maisha ya nyumba nzima.

Si kila kimya ni hila. Huenda jalada lilipotea vitani, au wakili amehama. Hata hivyo, mwenye kesi ana haki ya kuelezwa. Ugumu huzidi kwa kuwa lugha ya mahakama nchini humo ni Kireno, hali wengi wa Mbau husema Kimakonde, Kimwani au Kiswahili. Ndipo mteja anapoamini kwamba kesi ni mali ya wakili. Sivyo. Wakili ni mjumbe tu. Aliyemtuma ndiye mwenye shauri, naye aweza kumwondolea mamlaka aliyompa.

Basi hatua ya kwanza ni kwenda kwa karani wa mahakama na kuuliza: Je, shauri limesajiliwa? Namba yake ni ipi? Tarehe ya kusikilizwa ni lini? Wako watu waliongoja miaka wakidhani kesi inaendelea, kumbe haijafunguliwa. Hatua ya pili ni kumwandikia wakili barua yenye tarehe, kumpa muda wa kujibu, na kuweka nakala pamoja na stakabadhi za malipo. Asipojibu, mteja adai hati zake, atafute msaidizi mwingine, na apeleke malalamiko kwenye Chama cha Mawakili cha Msumbiji, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na chenye uwezo wa kuwaadhibu wanachama wake.

Asiye na fedha hakuachwa mkono mtupu. Mwaka huo huo wa 1994 iliundwa IPAJ, taasisi ya serikali inayowapa wasiojiweza msaada wa kisheria. Kadhalika, Sheria Namba 4 ya mwaka 1992 iliunda mahakama za jamii, ambazo zaweza kusuluhisha ugomvi wa kifamilia utokanao na ndoa za mila. Hapo mwananchi hujieleza mwenyewe, bila wakili. Na kuhusu shamba, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1997 inatambua haki ya mwanamke sawa na ya mwanamume.

Huku kwetu Tanzania nako, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri la talaka lipitie kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Wakili asiyemweleza mteja wake hilo humpotezea miezi, kwa maana mahakama yaweza kulirudisha shauri.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Viongozi wa vijiji, mashehe na mapadre hawana budi kuwafundisha wananchi maswali hayo matatu ya kumwuliza karani. Amani ya Mbau haitakamilika kwa barabara kuwa salama tu; itakamilika pia pale mama yule atakaposhika hukumu yake mkononi.