Ringi la gari mwembeni

Februari huku Chinongwe, wilayani Ruangwa, ni mwezi wa kubana tumbo. Fedha ya korosho iliyouzwa mnadani mwishoni mwa mwaka imekwishaingia kwenye ada na madeni ya dukani. Mahindi shambani ndiyo kwanza yanabeba. Jikoni mama anatazama debe la unga, anapunguza vibaba, na kisamvu ndicho kinachojaza sahani.

Ni mwezi huohuo ambao, Jumapili asubuhi, mtu huokota kipande cha chuma akaligonga ringi la gari lililotundikwa mwembeni, na watu wakatoka majumbani wamevaa vitenge na mashati yaliyofuliwa jana. Padri hayupo. Parokia iko mbali, vigango ni vingi, na mvua ikinyesha njia haipitiki. Katekista, naye mkulima kama wenzake, ndiye atakayesoma Injili na kuongoza sala. Ibada ikiisha, ndiye atakayetangaza nani anaumwa na nani hana mbegu.

Mgeni anaweza kuliona hili kuwa kanisa la upungufu, kanisa linalongoja mwenye kanisa aje. Mimi naamini hivi ndivyo imani ilivyoishi kusini tangu mwanzo.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliondoka Zanzibar akapanda kutoka Lindi kwenda bara, akifuatana na watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kufika Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, chini ya yale majabali, walisema hapa panatosha. Fikiria hao watu. Walikuwa wametekwa, wakatembezwa kuelekea pwani, na sasa wanarudi bila kujua kama nyumbani kwao kungali na mtu wa kuwatambua. Wakajenga vibanda, wakalima, wakasali. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huku kama Magwangwara, wakaushambulia mji wao, wakaua na kuteka. Waliokuwa wameonja uhuru kwa miaka sita wakarudishwa kwenye kamba. Waliosalia walianza upya.

Miongoni mwa watoto wa utumwa alikuwamo Cecil Majaliwa, Myao aliyefikishwa Zanzibar akiwa mtumwa, akasomeshwa shule ya misheni ya Kiungani na baadaye Uingereza. Alipelekwa Chitangali, huku kusini, mwaka 1886, na mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kuupata. Jina Majaliwa leo Ruangwa nzima inalijua kwa Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wake kwa miaka mingi na Waziri Mkuu hadi 2025, ambaye ni Mwislamu. Jina moja, huku padri, huku Mwislamu. Ndivyo zilivyo nyumba zetu nyingi, mjomba yuko msikitini na shangazi yuko kanisani, na kaburi likichimbwa wote wanashika jembe.

Agosti 1905 moto wa Majimaji, vita dhidi ya utawala wa Wajerumani, ulifika huku. Misheni za watawa Wakatoliki, Wabenediktini, za Nyangao na Lukuledi zilichomwa, na askofu wao, Cassian Spiss, akauawa upande wa Liwale pamoja na wenzake wanne. Sitawaita waliopigana maadui wa Mungu. Walikuwa wamechoshwa na kodi, viboko na kulimishwa pamba kwa nguvu. Wajerumani walilipiza kwa kuchoma vyakula, na njaa ikawamaliza waliokwepa risasi, aliyebatizwa na asiyebatizwa.

Haikupita miaka kumi, vita vya wazungu, ile Vita Kuu ya Kwanza, vikaingia. Wajerumani waliwafunga wamisionari Waingereza. Waingereza waliposhinda, wakawaondoa Wabenediktini Wajerumani. Oktoba 1917 majeshi ya pande hizo mbili yalichinjana Mahiwa, jirani na Nyangao, na vijana wa vijiji hivi walibebeshwa mizigo ya jeshi hadi wakafia njiani. Kwa miaka kadhaa makanisa mengi hayakuwa na mzungu hata mmoja. Mapadri wachache Waafrika, walimu wa dini na akina mama waliojua sala kwa kichwa ndio waliobatiza watoto mahututi, wakazika, wakafundisha katekisimu chini ya miti. Wengi wao hawana picha wala msalaba wa saruji, na hilo linaniuma. Wamisionari waliorudi baadaye na vitabu vya ubatizo walikuta watu wanaojua kusali.

Majimbo yalikuja kwa zamu zake. Masasi ya Waanglikana ilipata askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas, mwaka 1926. Wakatoliki walipata Jimbo la Nachingwea mwaka 1963, na mwaka 1986 likawa Jimbo la Lindi. Ringi liliendelea kugongwa.

Ukitaka kuona imani hiyo ikifanya kazi, usiishie kwenye ibada. Fuata jumuiya ya waumini siku ya katikati ya wiki, jua likizama, wanapokwenda nyumbani kwa mama ambaye mumewe amelala kitandani tangu Krismasi. Wanaingia mmoja mmoja, wanapiga hodi, wanaketi mkekani. Mmoja ana bakuli la unga chini ya kanga, mwingine mbaazi kavu, mwingine hana kitu ila ameleta kuni. Wanasali rozari, mgonjwa anaitikia kwa sauti ya chini kutoka ndani. Wakati wa kuaga, wanaume wawili wanaulizana kuhusu mikorosho ya mgonjwa, ambayo majani yameizidi. Kesho yake kabla ya saa moja wapo shambani na majembe, na jirani wa msikitini amekwishaanza mstari wa kwanza.