Mgonjwa wa Tezi Asikilizwe

Tezi ya shingo ni kiungo kidogo, lakini ndiyo iongozayo kasi ya mwili mzima. Ikilegea, mtu huchoka bila ya kazi na huhisi baridi juani. Dawa yake, thairoksini, iliundwa na wataalamu wa Uingereza mwaka 1927. Tatizo limebaki katika kiasi chake.

Kiasi kikipungua, maradhi hubaki. Kikizidi, moyo huenda mbio na mifupa hudhoofika. Kila kinapobadilishwa, yapasa damu ipimwe tena baada ya wiki 6 hadi 8. Mjamzito kwa kawaida huhitaji zaidi.

Hata hivyo, karatasi ya maabara peke yake haitoshi. Amezaye kidonge kwa chai ya maziwa, au pamoja na vidonge vya kuongeza damu, hupoteza sehemu ya dawa. Daktari hatalijua hilo asipouliza. Kumwambia mgonjwa kwamba "ni mawazo tu" si tiba.

Kwa mkaazi wa kisiwa kisicho na maabara, kipimo kimoja ni safari ya chombo na siku ya kazi iliyopotea. Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa afya wavisogeze vipimo hivyo karibu na wananchi, na madaktari wasikilize kabla ya kuandika. Nao wagonjwa waandike tarehe, kiasi na hali zao, wala wasijibadilishie dawa wenyewe.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Sikio hilo lisiwe la mganga.