Jina la Kanga na Maneno ya Chini ya Picha: Mazingatio kutoka Namtumbo



Mhadhara huu umezaliwa na swali la mwanafunzi. Alinionyesha katika simu yake picha za wanawake wa Kirajput, kutoka Rajasthan nchini India, waliovaa vazi la asili yao liitwalo poshak. Chini ya kila picha palikuwa na maneno machache: majigambo ya ukoo, shukrani kwa mama, kijembe kwa asiyetajwa. Vijana wetu huyaita maneno ya namna hiyo kapsheni. Akaniuliza, "Profesa, sisi tunacho kitu kama hiki?" Nikamjibu papo hapo kwamba tunacho, tena tulikuwa nacho kabla ya simu kufika: jina la kanga. Jibu hilo lilikuwa la haraka, na kwa sehemu lilikuwa na makosa. Nimekuja mbele yenu kulisahihisha.

Tulitazame kwanza vazi lenyewe. Poshak huwa na nguo mbili za juu, kanchli na kurti, sketi pana iitwayo ghagra, na mtandio uitwao odhni. Vazi hili lina lugha yake, lakini ni lugha ya rangi. Mtandio wa njano, kwa mfano, kwa desturi hupelekwa na wazazi kwa binti yao aliyejifungua mtoto wa kiume, na kila amwonaye hutambua kilichotokea. Hata hivyo, vazi halina neno lililoandikwa. Basi kapsheni ya msichana wa Rajasthan ndiyo matini ya kwanza katika picha yake. Kitenge chetu nacho kiko hivyo; kina maua, hakina jina. Kanga ni jambo jingine. Kanga imekwisha kusema kabla mpiga picha hajafika. Picha ya mwanamke aliyevaa kanga, ikiandikwa kapsheni, huwa na matini mbili, na hoja yangu ni kwamba matini hizo si za jinsi moja hata pale ambapo maneno yake ni yale yale.

Historia ya kanga imeelezwa mara nyingi, nami sitakawia hapo. Sote tunajua kwamba leso za Kireno zilizoshonwa pamoja zilikuwa miongoni mwa vyanzo vyake katika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19. Tunajua pia sehemu zake: pindo, mji, na jina ndani ya mji, upande wa chini. Inaaminika kwamba desturi ya kuandika jina iliasisiwa au kuenezwa na Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyefahamika zaidi kama Abdulla. Hati ilikuwa ya Kiarabu kwanza, kisha ya Kirumi. Ningependa kuongeza jambo moja tu, ambalo Laura Fair ameliandika vizuri kuhusu Unguja: baada ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliacha kaniki na merikani wakajifunga kanga. Kujifunga kanga kulikuwa kutangaza hadhi mpya, na nguo hiyo ilianza mapema kuwasemea watu ambao sauti yao haikuwa na uzito barazani.

Huku kwetu kusini, bara kabisa, kanga ilifika ikiwa na kazi ya ziada. Namtumbo ipo katika barabara itokayo Songea kwenda Tunduru. Ilikuwa sehemu ya Songea Vijijini hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2002. Lugha za nyumbani ni Kindendeule, Kingoni na Kiyao. Nilipokuwa mtoto huko, Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya baraza na ya dukani. Jikoni tulisema Kindendeule. Ndani ya nyumba nyingi hapakuwa na kitabu, lakini palikuwa na kanga, na kwa hiyo palikuwa na Kiswahili kilichoandikwa, kimeanikwa kwenye kamba. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wapo akina mama ambao zoezi lao la kwanza la kusoma nje ya darasa lilikuwa mgongo wa jirani.

Kabla ya hapo walitutumia sisi watoto. Shangazi yangu alinipeleka dukani nikiwa darasa la tatu, akaniambia, "Baba, nisomee jina." Aliniita baba kwa kuwa nimerithi jina la babu yangu, baba yake. Nikasoma kwa sauti kubwa ya mwanafunzi: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Nikatua baada ya neno la tatu. Shangazi akairudisha kanga juu ya meza. "Mtu asiyepata tamaa huyo ni mgonjwa," alisema, "siitaki." Mwenye duka akacheka, akamsomea upya, akitua baada ya *sipati*. Shangazi akailipia.

Nimekisimulia kisa hiki darasani kwa miaka mingi kama mfano wa kazi ya kituo katika sentensi. Siku hizi nakiona kina zaidi ya hapo. Jina la kanga kwa kawaida huandikwa kwa herufi kubwa na mara nyingi bila mkato. Msomaji ndiye anayeleta pumzi, na pumzi ndiyo inayoleta maana. Aliyeiandika hayupo, na aliyeivaa hajafungua kinywa.

Ukosefu huu wa msemaji ndio moyo wa jambo. Chukueni jina linalojulikana sana: *Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake*. Vitenzi vyote viwili viko katika nafsi ya kwanza umoja. Ni nafsi ya nani? Mtunzi hajulikani. Kiwanda kimechapa maelfu. Mwenye duka ameuza. Mvaaji amejifunga tu, na pengine hakuichagua yeye. Aliletewa na mumewe au alipewa harusini. Jirani akimkabili na kumwuliza, "Unanisema mimi?", jibu lipo tayari: "Mimi nimevaa nguo." Saida Yahya-Othman, katika makala yake ya mwaka 1997 kuhusu majina ya kanga na sauti ya wanawake, na Rose Marie Beck katika maandishi yake ya mwaka 2001, wameonyesha kwamba utata huu si kasoro ya mawasiliano; ndio unaoyawezesha. Mke mwenza, mkamwana mbele ya mavyaa wake, mpangaji mbele ya mwenye nyumba, wote wanaweza kusema bila kuwa wamesema.

Sarufi nayo husaidia kuficha. Jina *Hasidi hana sababu* liko katika nafsi ya tatu. Atakayelichukua kuwa lake amejitaja mwenyewe. Jina *Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki* hutumia kirejeshi kisicho na njeo, umbo ambalo katika mazungumzo ya kila siku limeachiwa methali na maandiko. Halisemi aliyekufaa jana wala atakayekufaa kesho. Kwa hiyo halifungwi na tukio lolote. Hamtapata kwa urahisi jina la kanga lenye neno *leo* likimaanisha siku fulani ya kalenda.

Sasa linganisheni na kapsheni. Nitatumia mfano wa kutunga ili nisimfichue mtu. Bibi harusi anapiga picha akiwa amejitanda kanga mpya, kisha anaandika chini yake: *Mlisema siolewi, haya tazameni!* Kiambishi *m-* kinawaita watu fulani mbele. Kiambishi *-li-* kinadai kwamba tukio la kusema lilitokea. *Siolewi* ni nukuu ya maneno yao iliyogeuzwa nafsi. *Tazameni* ni amri kwa walio wengi. Alama ya mshangao inaamua sauti, na vikaragosi vya kicheko, kama vipo, vinaamua hata sura ya uso. Kila kiambishi hapo kinafungua mlango ambao jina la kanga lilikuwa limeufunga. Juu ya yote, kuna jina la mwenye ukurasa, tarehe na saa.

Mtasema kwamba mfano huo si wa haki, kwa kuwa maneno yenyewe ni tofauti. Basi tuchukue maneno yale yale. Msichana amevaa kanga iliyoandikwa *Hasidi hana sababu*, naye anaandika chini ya picha: *Hasidi hana sababu*. Kwa nini ayarudie maneno ambayo tayari yapo kwenye nguo? Nimewauliza wasichana kadhaa Namtumbo na kwingineko, na jibu lao lilinifundisha. Jina la kanga hukaa nyuma, makalioni au mgongoni. Husomwa na anayebaki wakati mvaaji anaondoka. Kamera ya simu inataka uso. Mtu akipigwa picha kwa mbele, jina linapotea. Akijipiga mwenyewe akiwa ameigeuza kanga mbele, simu nyingine huhifadhi picha kama kioo kinavyoonyesha, na herufi hugeuka kinyume. Mafundi nao hukata kanga kushona gauni, na jina huishia nusu kwenye mshono. Hivyo msichana anaokoa jina kwa kuliandika upya chini.

Ni uokoaji wa busara, ila unambadilishia tendo. Aliyekuwa mvaaji sasa amekuwa mwandishi. Maneno hayo aliyachapa yeye, kwa kidole chake, saa mbili usiku, pengine siku moja baada ya ugomvi kisimani. Jibu la "mimi nimevaa nguo" halimfai tena. Nimeona pia kwamba vijana wanaoandika *cjali* badala ya *sijali*, na *2po* badala ya *tupo*, wanaponukuu jina la kanga huliandika kamili, herufi kwa herufi. Kwa tahajia hiyo wanalitenga na maneno yao, kana kwamba wanatafuta tena kile kivuli cha msemaji asiyejulikana. Wanafunzi wa isimujamii wanaotafuta mada ya tasnifu walitupie macho jambo hili, badala ya kuniletea kila mwaka malalamiko kuhusu vijana kuharibu Kiswahili.

Muda pia umegeuzwa. Kanga huchakaa polepole: huanza kuwa ya kutokea, ikawa ya nyumbani, ikawa mbeleko, ikaishia kitambaa cha kushikia sufuria, na jina hufifia pamoja na kila kufuliwa. Stetasi ya WhatsApp hutoweka baada ya saa 24. Lakini mtazamaji anaweza kuinakili akaitunza miaka, na kwa kawaida mwenye stetasi huonyeshwa majina ya waliotazama. Kanga haikumwambia mvaaji nani ameisoma.

Haya si mambo ya darasani pekee. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumsababishia mfadhaiko wa hisia. Mtumaji, mpokeaji na nia: ndivyo vitu vitatu ambavyo jina la kanga lilitengenezwa kuvificha, na ndivyo ambavyo kapsheni inavianika. Mwanaisimu akiulizwa maoni yake katika shauri la aina hii, hatakuwa mkweli akisema kwamba methali ni methali tu, haina madhara. Vilevile hatatenda haki akilitafsiri kila jina la kanga kuwa tusi. Mimi ningeuliza kwanza kama kuna mtu aliyetajwa au kuelekezewa kwa alama, kisha ningeangalia ni lini maneno yaliandikwa na nini kilitangulia. Ningependa pia kuiona nguo. Mtu aliyenakili jina lililopo mwilini mwake, na mtu aliyelitafuta jina hilo mahali pengine ili alirushe, hawakufanya tendo moja.

Wapo wenzangu wanaosema kwamba kapsheni imempa mwanamke sauti kubwa kuliko kanga. Kwa mwenye nafasi, nakubali. Ana kipato chake na wafuasi wake, na akishambuliwa hujibu. Wasiwasi wangu ni kwa yule aliyekuwa akisema kwa mgongo kwa sababu kusema kwa mdomo kungemgharimu ndoa au makazi. Huyo amepewa chombo kinachofanana na kile cha zamani, chenye maneno yale yale, lakini hakina kinga ile. Wala hakuna aliyemwambia.

Nilipokwenda Namtumbo kwenye harusi ya ukoo wetu, mjukuu wa yule shangazi, ambaye kwangu ni mjukuu pia, alinionyesha picha aliyokwisha kuirusha kwa wenzake. Ilikuwa ya kisogo: kichwa kimefunikwa, mabega, na jina la kanga limenyooka vizuri chini ya mgongo. Uso hauonekani. Chini ya picha hapakuwa na neno.

"Kapsheni umeiweka wapi?" nilimwuliza.

"Aa, babu, si hiyo hapo nyuma?"

Nikamwomba anisomee.

"Soma mwenyewe, babu," alisema, akaichukua simu yake.