Nyoka ndani ya vyungu, asali ya wazimu: Vita vya kale vilikuwa noma

Ukimwita eks wako ‘toxic’, unajua umetaja upinde? Neno hilo limetoka kwa Wagiriki wa kale. Kwao ‘toxon’ ni upinde, na sumu waliyopaka kwenye mishale ikapata jina lake hapo. Yaani binadamu alichanganya sumu na vita kitambo sana, kabla ya maabara, kabla ya hadubini, kabla ya mtu yeyote kujua bakteria ni nini.

Wengi wetu tukisikia ‘silaha za kibayolojia’ tunawaza filamu: wanasayansi ndani ya masuti meupe na kengele zinalia. Sahau hayo kidogo. Wazee wa kale walikuwa na nyoka, nyuki, nguruwe na akili mbaya. Ilitosha.

Chukua Hannibal. Huyu ni mzaliwa wa Afrika, jemadari wa Carthage, pale ilipo Tunisia ya leo. Alisumbua Roma miaka mingi, akashindwa, na uzeeni akawa mkimbizi kwa Prusias, mfalme wa Bithynia katika Uturuki ya leo. Prusias alikuwa na vita na Eumenes wa Pili, mfalme wa Pergamon. Mwaka wa 184 KK hivi wakakutana baharini, na Hannibal alikuwa na meli chache kuliko adui.

Sasa ona ujanja. Kwanza alituma mjumbe na barua kwa Eumenes. Mfalme akaifungua akitarajia ombi la amani, kumbe ndani ni matusi tu. Lakini barua haikuwa na maana. Maana ilikuwa kuona mjumbe ameelekezwa meli gani, ili ijulikane mfalme yuko wapi. Vita vilipoanza, meli za Hannibal zikamvamia Eumenes moja kwa moja hadi akakimbilia ufukweni.

Zile meli zingine za Pergamon zilipozidi kusukuma, watu wa Hannibal wakaanza kuwarushia vyungu vya udongo. Mwandishi Mrumi Cornelius Nepos anasema mabaharia walicheka mwanzoni. Nani anapigana na vyungu? Kisha wakatazama chini. Sitaha imejaa nyoka wenye sumu. Kicheko kikaisha, makasia yakageuzwa, wakatoroka.

Ukiisoma vizuri hiyo stori, utaona sumu haikufanya kazi kubwa. Kilichoshinda ni hofu. Shika hiyo, tutairudia.

Twende kwa asali. Kando ya Bahari Nyeusi kuna maua ya rododendroni, na nyuki wakiyanyonya sana wanatengeneza asali inayolewesha na hata kupooza mtu. Mwaka wa 401 KK, Xenophon alikuwa akirudi nyumbani na jeshi la Wagiriki, wakafika karibu na Trapezus, Trabzon ya leo. Wanajeshi wakaona mizinga, wakajipakulia. Muda si muda wanatapika, wanaharisha, hawawezi kusimama. Walilala chini kama jeshi lililopigwa, ingawa hakuna aliyekufa, na baada ya siku tatu nne wakainuka.

Hao walijiletea wenyewe. Ila zaidi ya miaka 300 baadaye wenyeji wa maeneo hayo waliifanya asali hiyo kuwa mtego. Jeshi la Pompey wa Roma lilikuwa linapita, wakaweka mabakuli ya asali njiani. Mchovya asali hachovyi mara moja, na Warumi walichovya kweli. Walipoanza kuyumba, wenyeji wakatoka mafichoni na kuangamiza vikosi vitatu.

Na wanyama wakubwa je? Ndovu wa vita alikuwa kifaru cha siku hizo: farasi walimkimbia kwa harufu tu. Lakini ndovu ana roho yake. Kule Megara, Ugiriki, katika karne ya tatu KK, watu waliozingirwa na mfalme Antigonus waliwapaka nguruwe lami, wakawawasha moto na kuwaachilia. Nguruwe wakakimbia wakipiga mayowe, ndovu wakaingiwa na kiwewe, wakawakanyaga askari wao wenyewe. Inasimuliwa kwamba baadaye Antigonus aliamuru ndovu wachanga walelewe pamoja na nguruwe ili wazoee kelele. Usisahau nani aliyelipia ujanja huo, kwa sababu hata nguruwe mkuki ulimchoma.

Hata Carthage ilijua hatari hiyo. Katika vita vya mto Metaurus mwaka wa 207 KK, waendeshaji wa ndovu wa Hasdrubal, nduguye Hannibal, walibeba patasi na nyundo. Ndovu akigeukia watu wake, unampiga patasi shingoni. Mwanahistoria Livy anaandika kwamba siku hiyo ndovu wengi waliuawa na waendeshaji wao kuliko na adui. Fikiria silaha ambayo lazima ubebe nayo kifaa cha kuiua.

Wagiriki walilijua somo hili ndani ya hadithi zao. Shujaa Hercules alichovya mishale yake katika damu ya joka Hydra. Miaka ikapita, sumu hiyohiyo ikamfikia mwenyewe kupitia vazi alilopakiwa na mkewe, aliyedhani ni dawa ya mapenzi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ndiyo maana dunia ilikuja kukubaliana. Mwaka wa 1925 Itifaki ya Geneva ilikataza kutumia silaha za aina hii vitani, na mkataba ulioanza kufanya kazi mwaka wa 1975 ukakataza hata kuziunda na kuziweka ghalani. Sheria zinavunjwa, sawa. Lakini zilitokana na jambo ambalo mwendesha ndovu alilijua: kitu chenye uhai hakitambui sare ya jeshi.

Sasa turudi kwa ile hofu. Tauni ilipoingia Athens mwaka wa 430 KK, watu wa bandari ya Piraeus walivumisha kwamba maadui wamewawekea sumu kwenye visima. Wanahistoria wanautazama kama mlipuko wa ugonjwa, uliosambaa kwa sababu watu walijazana ndani ya kuta za mji. Lakini uvumi uliwahi kabla ya ukweli.

Unatambua hiyo sauti? Kila ugonjwa mpya ukizuka, simu yako inalia: ‘Hii ni silaha, wametutumia, sambaza kwa watu kumi.’ Ukisambaza bila kuuliza, umerusha chungu kwenye meli yenu wenyewe. Na chungu hicho hakihitaji hata nyoka ndani.