Upanuzi wa Barabara Kuu Mbeya hadi Tunduma: Jinsi Mwananchi Anavyoweza Kufuatilia Hatua za Ujenzi

Barabara kuu ya TANZAM, inayoanzia Dar es Salaam na kupita Morogoro, Iringa na Mbeya hadi mpakani Tunduma, hubeba sehemu kubwa ya shehena za Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zinazopitia Bandari ya Dar es Salaam. Mradi wa kuboresha sehemu yake ya Igawa–Songwe–Tunduma, yenye urefu wa kilomita 218, unasimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS). Kazi imeanzia Jiji la Mbeya kwa kupanua kuwa njia nne kipande cha Nsalaga–Ifisi chenye urefu wa kilomita 29, kinachojengwa na Kampuni ya CHICO ya China. Mpango huo unajumuisha pia barabara ya mchepuo ya Uyole–Songwe yenye urefu wa kilomita 48.9, itakayoyawezesha malori kupita pembeni ya Jiji.

Ni vema ikafahamika kuwa Songwe inayotajwa katika mchepuo huo ni eneo lililo upande wa Mkoa wa Mbeya, ulipo Uwanja wa Ndege wa Songwe. Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kugawa Mkoa wa Mbeya, unaanzia mbele ya hapo, na barabara inapita Mlowo, Vwawa na Mpemba kabla ya kufika Tunduma.

Katika miji hiyo wapo wananchi wanaofuatilia ujenzi kwa karibu, wakipiga picha, wakihesabu makalavati na kulinganisha wanachokiona na taarifa zinazotolewa. Mara nyingi huuliza maswali mawili: asilimia za utekelezaji zinapatikanaje, na kwa nini mitambo hufanya kazi kwa miezi mingi kabla lami haijaonekana? Makala hii inafafanua masuala hayo pamoja na haki na wajibu wa wananchi waishio kando ya barabara.

Umuhimu wa barabara hii

Chimbuko la barabara hii ni mwaka 1965, pale serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake na njia ya Zambia ya kusini kuelekea baharini ikaingia mashakani. Tanzania na Zambia zilifungua njia ya mashariki kwa mihimili mitatu: bomba la mafuta la TAZAMA lililokamilika mwaka 1968, barabara ya lami ya TANZAM, na Reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 iliyokabidhiwa mwaka 1976. Barabara ilijengwa kwa magari ya wakati ule, yaliyokuwa machache na mepesi zaidi. Leo malori ya masafa marefu, mabasi, bajaji na waendao sokoni kwa miguu wanatumia njia ileile katika Jiji la Mbeya, na hatari huwa kubwa zaidi penye miteremko mirefu kama ule wa Iwambi na Mlima Senjele.

Mpakani, Kituo cha Huduma kwa Pamoja cha Tunduma–Nakonde kilizinduliwa tarehe 5 Oktoba 2019 na Marais wa Tanzania na Zambia. Chini ya utaratibu wa kituo hicho, maofisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja, na msafiri hukamilisha taratibu za kutoka na kuingia upande wa nchi anayokwenda. Ufanisi wa kituo na upana wa barabara hutegemeana. Malori yakifika haraka kuliko yanavyohudumiwa, foleni hurudi mjini Tunduma. Yakihudumiwa haraka lakini yakakwama njiani, faida ya kituo hupungua.

Asilimia ya utekelezaji huhesabiwaje

Mkataba wa ujenzi wa barabara huwa na jedwali linaloorodhesha kila kazi, kiasi chake na bei yake. Mhandisi mshauri hupima kazi iliyokamilika na kukubalika, kisha hulinganisha thamani yake na thamani ya mkataba wote. Kwa hiyo, taarifa ikisema mradi umefikia asilimia 30, haina maana kuwa asilimia 30 ya kilomita zimewekwa lami. Huenda makalavati, madaraja na matuta yamekamilika kwa kiwango kikubwa huku lami ikiwa haijaanza.

Mwananchi anayetaka kupima mwendo wa mradi anapaswa kuangalia takwimu mbili kwa pamoja: asilimia ya kazi na asilimia ya muda uliotumika. Kwa mfano, mkataba wa miezi 24 ukiwa umetumia miezi 12, nusu ya muda imekwisha. Kazi ikiwa imefikia asilimia 30 wakati huo, mradi uko nyuma ya ratiba na ni haki kuuliza sababu. Takwimu ya tatu, ya fedha zilizolipwa, isichanganywe na hizo mbili, kwa kuwa mkandarasi hupewa malipo ya awali kabla kazi haijapimwa, na hati za malipo huchukua muda kushughulikiwa.

Kinachoonekana barabarani na maana yake

Kazi ya kwanza ni kusafisha eneo na kuhamisha miundombinu iliyomo, kama vile nguzo za umeme, mabomba ya maji na nyaya za mawasiliano. Ndani ya mji hatua hii huweza kuchukua miezi, kwa kuwa mkandarasi hawezi kujaza tuta juu ya bomba linaloendelea kutumika. Sambamba nayo hujengwa makalavati na mifereji, maana maji yasipopewa njia yatapenya chini ya barabara na kuiharibu kutokea ndani.

Baada ya hapo hujengwa tuta kwa kifusi kilichopimwa maabara. Kifusi humwagwa, husambazwa kwa greda, hunyunyiziwa maji kwa boza na kushindiliwa, tabaka baada ya tabaka. Maji hayo yana kazi zaidi ya kutuliza vumbi, kwa sababu udongo hushikamana vizuri ukiwa na kiasi maalumu cha unyevu. Ukiwa mkavu mno au umelowa mno haushindiliki. Ndiyo sababu kazi za udongo hupungua kasi katika msimu wa mvua wa Mbeya na Songwe, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili.

Juu ya tuta huwekwa tabaka za msingi. Tabaka la chini mara nyingi huchanganywa na saruji, na huhitaji kuachwa likiwa na unyevu kwa siku kadhaa bila kupitisha magari. Dereva anayeondoa vizuizi na kupita juu yake hulipasua kabla halijakomaa, na nyufa hizo hujitokeza baadaye kwenye lami. Tabaka la juu la msingi huwa la kokoto zilizosagwa, kisha hupuliziwa lami nyepesi inayopenya ndani yake. Uso huo mweusi humfanya mpita njia adhani barabara imekamilika, ilhali lami yenyewe bado haijawekwa.

Lami ikishawekwa, alama zikachorwa na barabara ikakabidhiwa, huanza kipindi cha matazamio. Katika kipindi hicho mkandarasi anawajibika kurekebisha kwa gharama zake kasoro zinazotokana na kazi yake. Mwananchi anayeona lami ikibonyea au mfereji ukibomoka anapaswa kutoa taarifa mapema, kwani muda huo ukipita gharama huweza kurudi kwa Serikali.

Hifadhi ya barabara na fidia

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza upana wa hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara badala ya mita 22.5. Kwa utaratibu uliozoeleka, alama ya X ya rangi nyekundu huwekwa kwenye majengo yaliyo ndani ya hifadhi ya awali, ambayo wamiliki wake hutakiwa kuyaondoa. Alama ya kijani huwekwa kwenye mali iliyokuwapo katika eneo lililoongezwa, ambayo mmiliki wake hustahili fidia eneo hilo linapohitajika.

Fidia kwa mujibu wa sheria za ardhi huzingatia thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na, kwa wenye biashara, hasara ya faida. Posho ya makazi hukokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na hasara ya faida kwa faida halisi ya miezi 36. Mfanyabiashara wa Mlowo au Tunduma asiyetunza kumbukumbu za mapato yake atapata shida kuthibitisha kiwango anachostahili, hivyo ni vema kumbukumbu hizo ziwepo kabla mthamini hajafika. Mwenye mali awepo siku ya uthamini, ahakiki kilichoandikwa kabla ya kusaini, na abaki na nakala ya fomu.

Uzito wa magari na uhai wa barabara

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2019, imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake, na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionesha kuwa madhara ya ekseli kwa barabara huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Hivyo, ekseli ya tani 12 huidhuru barabara takriban mara mbili ya ekseli ya tani 10, ingawa uzito uliozidi ni asilimia 20 tu. Mizani, ukiwemo wa Mpemba karibu na Tunduma, ni sehemu ya kulinda barabara inayojengwa sasa.

Taarifa zipatikane wapi

Bango la mradi huonesha jina la mkandarasi, mhandisi mshauri, mwajiri na muda wa mkataba. Ni mahali pa kwanza pa kuanzia. Maswali kuhusu kazi, usalama wa njia za muda na mipaka ya hifadhi yapelekwe ofisi ya Meneja wa TANROADS wa mkoa husika, na malalamiko ya fidia yaanzie kwa Mwenyekiti wa Mtaa au Kijiji na Mtendaji wa Kata yakiwa na nakala za fomu za uthamini. Wanaofuatilia ujenzi kwa picha wanakumbushwa kusimama nje ya vizuizi na kuandika tarehe na mahali halisi picha ilipopigwa, kwa kuwa picha yenye taarifa hizo humsaidia mhandisi kuifikia kasoro haraka.