Boneti ya ndege ikikataa kukaa, usikimbilie msumeno

Ukisimama karibu na kiwanja cha Ukunda au Manda, ukaitazama Cessna ndogo ya pistoni kwa mbele, utaona matundu mawili, moja kila upande wa pangaboi, mfano wa pua ya mtu. Wengi hudhani ni pambo. Kumbe ndipo inapoingilia hewa ya kupoza injini, na boneti nzima imeundwa kwa ajili ya hewa hiyo.

Nimelileta hili kwa sababu vijana wetu wengi ni mafundi wa boti za faiba, na kule Marekani kazi kama yao ndiyo huwatoa jasho watu wanaojijengea ndege nyumbani. Huko sheria huruhusu, mradi sehemu kubwa ya ujenzi ifanywe na watu wasio wa kiwanda, kwa kujifunza au kujifurahisha. Chama chao, EAA, kipo tangu 1953. Wengi hununua vipande kutoka kwa kampuni kama Van's Aircraft ya Oregon, kisha wakaviunganisha gereji kwa miaka. Boneti mara nyingi huja vipande viwili vya faiba, cha juu na cha chini. Ukivijaribu, huku vyapita, kule vyagota.

Hapo ndipo mtu hushika msumeno. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Fundi mwenye subira huanzia mbele. Mahali pa kofia ya pangaboi hufunga kisahani cha mbao chenye upana ule ule, akaacha mwanya wa kama milimita 6, kisha akaishikiza boneti hapo. Ndipo huenda nyuma, akachora mstari na kupunguza kidogo kidogo, akimalizia kwa msasa. Mwanya ule una kazi yake: injini imekaa juu ya mipira, nayo hutikisika sana ikiwashwa na ikizimwa. Ikigusa boneti, italiwa moja kati ya hizo mbili.

Kujua inapogusa, bandika vidonge vya udongo laini wa kuchezea watoto kwenye ncha za injini, ikiwa imepoa. Funga boneti, fungua, pima unene uliobaki. Palipobana, usilazimishe kwa skrubu. Hukatwa tundu, hujazwa povu gumu lililochongwa umbo la nundu, na juu yake hutandazwa kitambaa cha faiba kwa epoksi. Ikikauka, povu hutolewa. Fundi wa boti aangalie hapa: resini ya poliesta tuliyoizoea haishiki vizuri juu ya epoksi iliyokauka. Ijue kwanza boneti yako imetengenezwa kwa ipi.

Hata hivyo, hatari kubwa haionekani kwa nje. Hewa ikiingia kwa mbele hukusanyika juu ya injini, hushuka kwa nguvu kati ya silinda, kisha hutokea chini. Kinachoilazimisha kupita hapo ni mabati yaliyozunguka silinda, yenye ukanda wa mpira unaoegemea boneti. Ukishaibadilisha boneti umbo, mpira huenda usifike tena, na hewa ikakimbilia pembeni bila kupoza kitu. Ni sawa na jahazi lenye kalafati mbovu, ila hapa kinachovuja ni hewa. Injini ya Lycoming O-360 ina kikomo cha nyuzi 260 za Selsiasi kwenye vichwa vya silinda. Ukiendelea kupita hapo wahatarisha chuma chenyewe, na ndege ya injini moja haina pa kuegesha huko juu.

Wengi wakiona joto limepanda hupanua matundu ya mbele. Mara nyingi dawa haiko huko. Hewa iliyopata moto hutanuka, kwa hivyo njia ya kutokea ndiyo yahitaji kuwa kubwa kuliko ya kuingilia. Kabla ya yote, weka tochi ndani gizani. Popote mwanga unapopenya kando ya mpira, pavuja.

Boneti iliyokaa sawa hulipa. Mnamo 1928 watafiti wa NACA huko Langley, Virginia, wakiongozwa na Fred Weick, waliivalisha ndege ya Curtiss boneti iliyopangwa vizuri, ikatoka maili 118 kwa saa hadi 137, injini ikiwa ni ile ile.

Huko Marekani, ndege ikifanyiwa badiliko kubwa hurudi kwenye majaribio bila abiria. Na mafundi wazuri hubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, warushe, wasome joto, ndipo waende kwa kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na mambo yakaharibika, utajuaje kilichoharibu ni kipi?

Kijana anayetengeneza kifuniko cha mashine ya boti pale Shela au Shimoni naye aishike hiyo. Tafuta panapovuja kwanza. Msumeno uje mwisho.