Gobore na siri ya kasiba

Kuanzia Kerenge, chini ya milima ya Usambara, hadi vijiji vya Handeni, ukitaja gobore hakuna mzee atakayeuliza ni kitu gani. Wengi wanalijua kama bunduki ya kufukuzia ngiri na nyani shambani. Lakini silaha hii iliwahi kugeuza utawala wa eneo lote hili.

Msafiri Mwingereza Richard Burton alipopanda Vuga mwaka 1857, Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa aliyekaa huko, alikuwa mzee sana, na Wazigua wa tambarare walikwisha kupata bunduki kwa biashara ya pwani. Baada ya Kimweri kufariki, mwanawe Semboja aliweka makao Mazinde, tambarare kwenye njia ya misafara, wala si mlimani kwa wazee wake. Alikuwa na sababu: bunduki na baruti zilipita hapo. Miaka ya 1888 hadi 1890, Bwana Heri, Mzigua wa Saadani, aliwapinga Wajerumani kwa bunduki za namna hiyohiyo.

Gobore hushindiliwa kwa mdomo. Baruti hutangulia, gololi hufuata, vyote vikisukumwa chini kwa mdeki. Katika bunduki ya gumegume, jiwe hugonga chuma, cheche huwasha baruti kidogo iliyowekwa nje, na moto wake huingia kwenye kifa, kale katundu kadogo kanakoelekea kwenye baruti ya ndani. Fataki, inayowaka ikigongwa, ilikuja baadaye, na asili yake inanifurahisha kila nikiikumbuka: mchungaji wa kanisa huko Uskoti, Alexander Forsyth, mwindaji wa ndege, alichoka kuona ndege wakishtushwa na mwako wa baruti ya nje kabla risasi haijatoka. Mwaka 1807 akapata hataza ya mtambo unaowasha kwa kugongwa.

Gobore la kawaida ni laini kwa ndani. Gololi huwa ndogo kuliko tundu, hutoka ikigongagonga kuta, na huenda inakopenda. Raifo ina mifuo ya msokoto inayoizungusha risasi ili ishike njia moja. Tofauti ya shabaha ni kubwa mno.

Lakini roho ya gobore ni kasiba, yaani mtutu. Fundi hodari wa kijijini anaweza kuchonga kitako cha mninga kikatulia begani, na akafua hata mtambo. Kasiba ni habari nyingine. Baruti inapoungua hugeuka gesi kwa kufumba na kufumbua, na gesi hiyo husukuma pande zote: gololi mbele, kuta pembeni, kizibo cha nyuma kuelekea uso wa mpigaji. Ndiyo maana Birmingham, mji uliouza bunduki nyingi sana Afrika, ulifungua nyumba ya kupimia mitutu mwaka 1813. Kila kasiba ilipigwa kwa baruti nyingi kuliko kiwango chake. Iliyopasuka ilitupwa, iliyobaki nzima ikagongwa muhuri.

Kasiba ya bomba la maji, ambayo mafundi wengine wa vijijini huitumia, haijapita kipimo hicho. Bomba hilo lilitengenezwa kubeba maji, na mara nyingi lina mshono wa kuchomelea tangu mdomoni hadi mwisho. Linaweza kustahimili mara kumi na kupasuka mara ya kumi na moja, maana kila mlipuko huongeza ufa usioonekana, na masizi ya baruti hunyonya unyevu na kula chuma. Gololi ikikwama katikati, ikaacha nafasi kati yake na baruti, hata kasiba nzuri huweza kuchanika. Wa kwanza kuumia ni aliyeishika, vidole na macho. Nawaomba mafundi wetu, ambao ustadi wao nauheshimu kwa dhati, wasiiguse kazi hii. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 nayo hairuhusu mtu kujitengenezea au kumiliki bunduki bila kibali.

Na yako magobore ya urithi, yamening'inia ukutani tangu enzi za babu. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi kwa miaka mingi, na babu huenda alilitundika gobore lake likiwa limeshindiliwa. Kwa hiyo usilisafishe, usilitie motoni kulegeza kutu, usimpe mtoto achezee. Liache hapohapo, waite polisi. Mtaalamu atalinganisha urefu wa kasiba kwa nje na kina chake kwa ndani. Kina kikipungua, kuna kitu kimelala humo.